Staa wa Mjini, Rudisha Mbuzi wa Watu wa Kasekese!

Kama una WhatsApp, basi umeiona. Klipu ya yule mzee, shati jeupe na mbuzi. Imepita kwenye grupu la ukoo, grupu la kikoba, grupu la wanakwaya, mpaka lile grupu la waliomaliza darasa la saba pamoja ambalo huwa linaamka msiba ukitokea tu. Watu wamecheka mpaka machozi. Kona ya juu kuna nembo ya staa mmoja wa vichekesho pale Dar, jina kapuni, na sauti inayosikika ni yake. Ndiyo maana wengi wanaamini kazi ni ya kwake.

Mzee si wake, shati si lake, na huyo mbuzi hajawahi hata kumuona kwa macho.

Klipu ile imerekodiwa Kasekese, wilaya ya Tanganyika, mkoa wa Katavi. Wanaocheza ni familia moja: baba, mama, bibi na watoto wawili. Anayerekodi ni kijana wao wa kwanza aliyemaliza kidato cha nne akarudi kulima. Simu yake ina ufa katikati ya kioo, na maiki ilikufa siku ilipodondoka kwenye ndoo ya maji. Kwa hiyo video zake hazina sauti. Mwanzoni aliona mkosi. Baadaye akagundua kwamba kama huna sauti, itabidi watu wacheze kwa miili yao mpaka mtazamaji aelewe mwenyewe.

Waliobahatika kuiona klipu yenyewe kabla haijachakachuliwa wanajua tofauti yake. Inaanza kwenye kamba ya nguo. Shati moja jeupe limeanikwa. Baba anatoka ndani amevaa koti la harusi juu ya kifua wazi, viatu vimepigwa kiwi, anaangalia saa ambayo haipo mkononi. Anageuka kuchukua shati, anakuta mbuzi ameshaanza mkono wa kushoto. Baba anavuta, mbuzi anavuta. Mbuzi anashinda, anakimbia na shati. Mzunguko wa kwanza wa nyumba, mzunguko wa pili. Mara bata anakatiza na vifaranga vyake kwenye mstari mmoja, taratibu, bila wasiwasi. Baba anasimama ghafla na kuvua kofia, kama mtu aliyekutana na msafara wa kiongozi. Na mbuzi naye, kwa upande wake, anasimama kuwapisha. Wote wawili wanasubiri bata apite. Akishapita, mbio zinaendelea.

Muda wote huo mbwa amelala katikati ya uwanja, wanamruka, hafumbui hata jicho. Na bibi yuko kwenye mkeka anapukuchua mahindi. Hainui kichwa. Mbuzi anapita mara ya kwanza, bibi kimya. Mara ya pili, kimya. Mara ya tatu bibi ananyoosha mkono bila kutazama, anachomoa shati mdomoni mwa mbuzi, analikung'uta, anampa mwanawe, anarudi kwenye mahindi yake. Baba analivaa. Mkono mmoja haupo. Anafunga vifungo vyote, anavuta kola, anaondoka kifua mbele kuelekea harusini. Mbuzi anamfuata nyuma kama mpambe wa bwana harusi.

Dakika mbili na sekunde arobaini. Hakuna neno hata moja. Mtoto wa miaka mitatu anacheka, bibi wa miaka themanini anacheka, Mrundi anacheka, Mkongo wa ng'ambo ya ziwa anacheka. Kasekese penyewe ukisimama gulioni unasikia Kibende, Kifipa, Kisukuma na Kiha kabla hujafika kwenye Kiswahili. Klipu isiyo na maneno haihitaji mkalimani wa yeyote kati yao.

Sasa angalia staa wa mjini alivyofanya. Kwanza ameibandika nembo yake. Pili ameweka sauti yake juu, anaigiza lafudhi ya kejeli, eti ndivyo wanavyoongea watu wa huko. Lafudhi yenyewe ni ya kuwaiga Wasukuma, na familia ile wala si Wasukuma. Kwake yeye kila anayeishi mbali na lami ni Msukuma, na kila Msukuma ni kichekesho. Tatu, na hili ndilo baya kuliko yote, ameukata mwisho. Bibi hayupo! Ule mkono wa bibi uliosubiriwa dakika mbili nzima umeondolewa ili litoshe tangazo la biashara. Yaani ametwaa utani akatupa pale utani ulipo.

Familia ilipomwandikia kwa heshima, "Kaka, hiyo kazi ni yetu, tunaomba hata jina letu uliweke," jibu lilikuwa shilingi elfu ishirini kwenye simu na ujumbe mfupi: ya soda. Walipoandika tena wakablokiwa.

Hapo ndipo wapambe wake walipoamka kumtetea, na utetezi wao una sehemu tatu. Zote tatu ni mbovu, na inafaa zijibiwe moja moja.

Wa kwanza wanasema: kitu kikishaingia mtandaoni ni cha wote. Hiyo ni sheria ya kijiwe tu. Sheria ya nchi ni Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, ile ile iliyoianzisha COSOTA, na inalinda kazi za picha jongefu kama inavyolinda wimbo na kitabu. Aliyetunga ana haki ya kutajwa jina. Ana haki pia ya kukataa kazi yake isikatwekatwe na kupotoshwa. Na haki hiyo inaanza pale kazi inapotengenezwa, haisubiri mtu apande basi kwenda kujiandikisha. Mastaa hawa hawa wakikuta wimbo wao umepigwa kwenye tangazo bila ruhusa, kesho yake wako kwenye redio wanalia wameibiwa. Haki wanaijua vizuri sana inapokuwa ya kwao.

Wengine wanaleta hoja ya kibanda umiza. Wanasema mbona watafsiri kama Lufufu walikuwa wanaweka sauti juu ya filamu za watu, na taifa zima likawapenda? Ni kweli, na hata kule ruhusa ya wenye filamu haikuombwa, hilo lisifichwe. Lakini hakuna mtu aliyewahi kutoka kibandani akidhani Lufufu ndiye Jackie Chan. Mtafsiri alijitaja kuwa mtafsiri. Mwenye ngumi alibaki na ngumi zake. Huyu wa leo ameweka sauti ili mwenye kazi asionekane kabisa.

Wa pili wanasema: amewapa promo, wangemshukuru. Promo gani bila jina? Watu laki kadhaa wameiona klipu, na hakuna hata mmoja anayejua kama ilitoka Kasekese au Kigamboni. Promo ya namna hiyo ni sawa na mtu kuvuna mahindi yako usiku, akayauza sokoni, halafu asubuhi akakwambia ushukuru kwa sababu watu wengi wameyala na wameyasifia.

Wa tatu ndio wanaoudhi zaidi, maana wanajifanya wasomi wa sanaa. Wanasema ile haikuwa kazi. Haina skripti, haina mazungumzo, ni mbuzi tu na watu wa shamba wanakimbizana, staa ndiye aliyeipa uhai kwa sauti yake. Hawa wanahitaji kukaa chini wapewe historia kidogo, kwa sababu wanachokidharau ndicho kilichoijenga sinema yote wanayoiabudu.

Mwaka 1905 kule Uingereza, mtu mmoja aitwaye Cecil Hepworth alitoa filamu fupi ya dakika kama sita hivi, *Rescued by Rover*. Mtoto mchanga anaibwa, mbwa wa nyumbani anakwenda kumtafuta, anarudi kumwita baba. Baba ni Hepworth mwenyewe. Mama ni mke wake, na ndiye aliyetunga kisa. Mtoto ni mtoto wao. Mbwa ni mbwa wao. Gharama haikufika pauni 8. Haina sauti. Watu waliinunua kwa fujo kiasi kwamba negativu ilichakaa kwa kutoa kopi, ikabidi wairekodi upya mara mbili. Familia na mnyama wao! Hakuna aliyewauliza skripti iko wapi.

Charlie Chaplin mwaka 1918 alicheza *A Dog's Life*, maskini mmoja na mbwa koko wanaotafuta mlo. Buster Keaton mwaka 1925 alicheza *Go West*, na mwenzake mkuu humo ndani ni ng'ombe jike aitwaye Brown Eyes, ambaye jina lake liliwekwa kwenye orodha ya wachezaji pamoja na binadamu. Rudia hapo: ng'ombe wa Marekani alitajwa jina mwaka 1925, na bibi wa Kasekese karne moja baadaye anakatwa kwenye klipu yake mwenyewe.

Na si huko ng'ambo tu. Hapa hapa kwetu, kati ya mwaka 1935 na 1937, Waingereza walijaribu kutengeneza filamu za Waafrika pale Vugiri, kwenye milima ya Usambara mkoani Tanga. Filamu zenyewe hazikuwa na sauti ndani yake. Maneno yalirekodiwa kwenye sahani za santuri na kupigwa pembeni, ili lugha iweze kubadilishwa kufuatana na mahali. Walitoa filamu 35, nyingi za kufundisha kilimo, afya na kuweka akiba posta. Na hata wao, pamoja na kupenda kwao mahubiri, waliweka humo hadithi ya sungura na chui. Walijua watu wa huku hadithi zao tangu enzi zimejaa wanyama. Baadaye, mwanzoni mwa miaka ya 1950, zikaja filamu kama *Muhogo Mchungu*, na humo alicheza kijana mmoja aliyeitwa Rashidi Mfaume Kawawa. Ndiyo, Kawawa huyo huyo aliyekuja kuwa Waziri Mkuu. Wanaodhani uigizaji wa watu wa kawaida ni uhuni wa kupoteza muda wamkumbuke huyo.

Kuna kisa kingine ambacho hawa wasomi wa sanaa wangekijua, wangenyamaza. Mwingereza mmoja, John Wilson, alisimulia habari ya filamu ya usafi iliyopelekwa kijiji kimoja cha Afrika enzi za ukoloni. Bwana afya anaonekana kwenye picha, polepole kabisa, akifundisha namna ya kuondoa maji yaliyotuama na kuokota makopo ili mbu wasizaliane. Filamu ikaisha. Watu wakaulizwa, mmeona nini? Wakajibu, kuku. Wenye filamu wakashangaa, kuku gani, sisi hatujui kama humu kuna kuku. Wakairudia picha baada ya picha. Kweli, kwenye kona moja, kwa muda wa sekunde moja hivi, kuku alishtuka akapita.

Kisa hicho kimerudiwa na wasomi wa Ulaya miaka na miaka kuwa ni ushahidi kwamba Mwafrika wa kijijini alikuwa hajui kutazama sinema. Jaribu kukisoma upande wa pili. Bwana afya anaokota makopo polepole kama mtu aliyenyweshwa dawa ya usingizi. Hakuna anayeokota kopo namna hiyo. Mtu pekee aliyekuwa hai kwenye picha nzima alikuwa kuku. Wanakijiji wale walikuwa wakaguzi wazuri wa sinema kuliko waliotengeneza sinema yenyewe, ambao walikaa nayo wakati wote huo na kuku wao hawakumwona.

Na staa wetu leo amekalia kiti kile kile cha mkoloni. Ana kamera ya bei mbaya, ana taa, ana watu wa kumshikia mwamvuli, na bado hajui kwa nini watu wanacheka. Anadhani wanacheka kwa sababu ya sauti yake. Wanamcheka mbuzi aliyesimama kumpisha bata!

Ushahidi kwamba hajui upo, na ameuposti mwenyewe. Baada ya klipu ya wizi kufanya vizuri, akaamua kutengeneza ya kwake. Uwanja wa kukodi, mbuzi wa kukodi, shati jipya la dukani. Mbuzi hataki kula shati. Basi wakamfunga uzi wa kuvulia samaki shingoni, wakawa wanamvuta kutoka nje ya picha ili aonekane anakimbia. Ukikuza picha uzi unauona unavyomkata. Mbuzi analia kweli, shingo imepinda, na juu yake wameweka vicheko vya kupakua mtandaoni. Kuna klipu nyingine za waigaji wanaomfuata, paka anarushwa juu ya paa, mbuzi ananyweshwa bia. Nchi hii ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, na kumtesa mnyama ni kosa. Hakuna kifungu kinachosema ila kama ni komedi.

Kule Kasekese mbuzi alikubalije? Siri yake haina gharama. Mkono wa shati ulichovywa kwenye maji ya chumvi. Mfugaji yeyote anajua mbuzi na chumvi. Bata alimwagiwa pumba upande wa pili wa uwanja, akaenda zake na wanawe. Mbwa hakufundishwa chochote, ule ndio muda wake wa kulala. Na kile kituo cha mbuzi kumpisha bata hakikupangwa na mtu, kilitokea mchana wa tatu wa kurekodi. Mchana wa kwanza mbuzi alikula chumvi akaondoka. Wa pili mvua ilinyesha. Wa tatu ndipo akafanya alichofanya, na baba akawa na akili ya haraka ya kuvua kofia. Familia nzima iliacha kazi zake mchana mara tatu kumsubiri mbuzi aigize kwa hiari yake.

Hiyo ndiyo kazi ambayo wapambe wanasema haipo. Haionekani kwenye bajeti kwa sababu ni subira, na ni kujua tabia za viumbe unaoishi nao. Mtu wa kukodi mbuzi kwa saa mbili hawezi kuwa nayo. Ndiyo maana akavuta uzi.

Lawama nyingine iende kwa wanaoshea, kwa sababu wizi huu unalishwa na vidole vya watu wengi. Klipu ya kwanza ilipowekwa na kijana wa Kasekese, waliomfuata walikuwa wachache, na hata wa mkoa wake mwenyewe walipita kimya. Ilipokuja na nembo ya mjini, watu wa Mpanda wale wale wakaishea kwa mbwembwe, "huyu jamaa noma sana." Kitu cha nyumbani mpaka kipite Dar kikapigwe mhuri ndipo kinakuwa kizuri. Ugonjwa huo hauna chanjo, lakini dawa ipo: kabla hujatuma, tafuta aliyerekodi. Ukiona mwisho umekatwa, ukiona sauti haifanani na midomo, ukiona nembo kubwa kuliko sura za wachezaji, jua kuna familia mahali inaibiwa.

Na vijana wa Kasekese, Karema, Mishamo na kwingine kote wanaorekodi kwa simu za ufa, nao waache uungwana wa kupitiliza. Jina na kijiji viwekwe katikati ya picha, siyo pembeni panapokatwa kirahisi. Faili la kwanza litunzwe, lisifutwe kwa sababu simu imejaa. Tarehe ya kuposti ibaki. Mjumbe au mwenyekiti wa kijiji akishuhudia kazi ikirekodiwa, ni ushahidi tosha siku ya siku.

Kwa staa mwenyewe, madai ni machache na hayana matusi. Rudisha jina la familia kwenye klipu na useme hadharani ilitoka wapi. Pesa ya tangazo igawanywe, na elfu ishirini ya soda isihesabiwe humo. Mrudishe bibi kwenye mwisho wake. Na yule mbuzi wa kukodi afunguliwe huo uzi.

Ukishindwa yote hayo, basi jaribu jambo moja la mwisho. Itazame klipu ya Kasekese ikiwa haina sauti yako, kuanzia mwanzo mpaka bibi anaponyoosha mkono. Kama hukucheka, fani hii siyo yako, kaka. Na kama ulicheka, unajua kabisa ni nani anayestahili kulipwa.

Wadau, kuna klipu ya kijijini kwenu iliyobandikwa nembo ya mtu wa mjini? Itajeni hapo chini, na kijiji chake mkitaje.